Nani Mwenye Bendi? Hadhira na Kumbukumbu za Maonyesho ya Bendi Kongwe katika Bukoba na Muleba

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutoka upande wa jukwaa. Waandishi wamefuatilia kuanzishwa kwa bendi, kuhama kwa wanamuziki kutoka bendi moja kwenda nyingine, mitindo ya upigaji wa gitaa, na uhusiano wa bendi na chama, serikali na jumuiya ya wafanyakazi. Aidha, historia hiyo imeandikwa zaidi kutoka Dar es Salaam, ambako bendi nyingi ziliishi na ambako studio ya Radio Tanzania ilikuwapo. Upande wa pili umepewa nafasi ndogo. Huo ni upande wa watu waliolipa kiingilio, wakacheza hadi usiku wa manane, kisha wakarudi makwao wakisimuliana walichokiona na kukisikia.

Makala haya yanachunguza upande huo wa pili katika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: bendi inapodumu kwa miongo kadhaa, ikabadilisha waimbaji, wapigaji, mmiliki na hata jina, ni nini kinachowafanya watu waendelee kuiita bendi ileile? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jibu liko kwa hadhira. Mazungumzo ya mashabiki baada ya onyesho ndiyo yanayolinganisha la jana na la leo, na ndiyo yanayoamua kama bendi ingali yenyewe. Katika Kagera, kazi hiyo ya hadhira haikuanza na gitaa la umeme. Ilikuwa na mizizi katika desturi ya zamani zaidi ya usikilizaji, hususani ile ya enanga. Kwa hiyo mwanahistoria anayehifadhi nyimbo bila kuhifadhi maneno ya waliozisikiliza anahifadhi nusu ya tukio.

2.0 Msikilizaji katika desturi ya enanga

Enanga ni ala ya nyuzi inayochongwa kwa mti mfano wa bao au hori. Kamba moja ndefu hupitishwa huku na huku juu yake na kufanya nyuzi kadhaa. Jina hilohilo hutumika pia kwa utanzu unaoimbwa kwa ala hiyo, yaani masimulizi marefu ya mashujaa, wafalme na miungu wa Wahaya. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizichambua tungo hizi kama tendi kamili. Alifanya hivyo wakati ambapo baadhi ya wataalamu wa fasihi, wakifuata maoni ya Ruth Finnegan ya mwaka 1970, walitilia shaka kuwapo kwa utendi katika Afrika.

Jambo lenye uzito kwa makala haya ni nafasi ya hadhira. Manju wa enanga hakuimbia watu walionyamaza. Aliimba katika makazi ya Omukama, katika harusi, na katika mikusanyiko ya pombe ya ndizi. Waliohudhuria walimwitikia, walimsifu, walimtuza, na walimkumbusha pale aliporuka jambo. Wengi wao waliujua utendi kabla hajaanza kuuimba. Hawakuja kusikia kisa kipya. Walikuja kuona jinsi manju huyu atakavyokibeba kisa wanachokijua. Hadhira ya namna hii ni ya mashahidi.

Desturi hiyo haikuwa ya enanga pekee. Peter Seitel, aliyekusanya ngano za Wahaya na kuzichapisha mwaka 1980, alikipa kitabu chake jina linalotokana na fomyula ya kuanzia ngano. Msimulizi hutangaza kwamba alikuja na akaona, nao wasikilizaji humtaka aone ili nao wapate kuona. Fomyula hiyo ina mkataba ndani yake. Msimulizi anapewa ruhusa ya kuona kwa niaba ya wengine, lakini kuona kwake hakujakamilika hadi wasikilizaji nao waone. Vivyo hivyo katika ebyebugo, majigambo yanayotamkwa mbele ya watu, anayejigamba huhitaji mwitiko ili maneno yake yapate nguvu.

Mwanzoni mwa mwaka 1963 mamlaka ya watawala wa jadi yalikuwa yamefutwa kisheria nchini Tanganyika. Kwa Ihangiro, eneo ambalo sehemu kubwa yake imo katika Wilaya ya Muleba ya leo, na kwa tawala nyingine za Wahaya, hatua hiyo iliondoa mfadhili mkuu wa manju. Ala iliendelea kupigwa katika sherehe za watu wa kawaida. Hata hivyo, kilichodumu kwa upana zaidi ni tabia ya usikilizaji: kuujua wimbo kabla ya mwimbaji kufika, kumwitikia, na kumhukumu kwa jinsi anavyowajibu walio mbele yake.

3.0 Redio, ziwa na ujio wa bendi

Bendi za dansi zilifika masikioni mwa watu wa Kagera kabla ya kufika machoni mwao, na zilifika kwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi katika studio yake na kuzirusha nchi nzima. Kwa kuwa nchini hakukuwa na kiwanda cha santuri, mkanda wa redio ndio uliokuwa njia kuu ya wimbo kusafiri. Msikilizaji wa Kamachumu au Kashozi aliweza kuijua sauti ya Muhidin Maalim Gurumo au ya Marijani Rajab kwa miaka mingi bila kumwona mwenye sauti.

Kuwaona kulikuwa jambo jingine. Bukoba iko upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, mbali na Dar es Salaam kuliko miji mingi ya nchi. Kwa muda mrefu njia ya kawaida ilikuwa kupanda treni ya reli ya kati hadi Mwanza, kisha kuvuka ziwa usiku kwa meli, ikiwamo MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961, na baadaye MV Bukoba. Njia ya barabara kupitia Biharamulo ilikuwa ndefu na ngumu, hasa wakati wa mvua. Bendi ilisafiri na magitaa, ngoma, tarumbeta, vipaza sauti na maspika, na katika vijiji visivyo na umeme ilihitaji jenereta. Vita kati ya Tanzania na Uganda, vilivyoanza kwa uvamizi wa eneo la Kagera mwaka 1978, na uhaba wa mafuta na vipuri katika miaka iliyofuata, viliongeza ugumu huo.

Matokeo yake ni kwamba onyesho la bendi kubwa kutoka Dar es Salaam lilikuwa tukio la nadra, na unadra huo ulibadili asili ya usikilizaji. Shabiki wa Dar es Salaam aliweza kuikosa bendi Jumamosi hii akaifuata Jumamosi ijayo. Shabiki wa Muleba hakuwa na Jumamosi ijayo. Alikuja na kumbukumbu ya miaka ya redio na kuipima kwa usiku mmoja, kisha akaondoka na usiku huo mmoja na kuusimulia kwa miaka. Kwa waliokosa kufika, simulizi lake ndilo lililokuwa onyesho lenyewe.

Hapa mfanano na enanga unajitokeza bila kulazimishwa. Kama utendi, wimbo wa dansi uliowafikia watu hawa ulikwisha kujulikana. Hawakuja kugundua. Walikuja kushuhudia.

4.0 Jina la mwenye mali na jina la mashabiki

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba hadhira ndiyo inayoshikilia utambulisho wa bendi unapatikana katika majina. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi ya wakati huo. Jumuiya ilipogeuka kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU katika miaka ya 1990, bendi ikafuata tena. Majina yote matatu yalikuwa ya mwenye mali. Jina lililodumu lilitokana na mtindo wa muziki, nalo ni Msondo. Hatimaye bendi yenyewe ilirudi kwenye jina hilo na kujiita Msondo Ngoma.

Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 na baadaye kumilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ina historia inayofanana. Kwa mashabiki bendi hiyo ni Sikinde, jina lenye asili katika ngoma ya Wazaramo. Kadhalika Vijana Jazz ilitambulika kwa mtindo wa Pambamoto. Katika kila mfano, hati za umiliki zinasema jambo moja na vinywa vya wasikilizaji vinasema jingine, na mara nyingi vinywa ndivyo vilivyoshinda.

Kuhusu wanamuziki, kuhama kulikuwa kwa kawaida. Gurumo, mmoja wa waasisi wa NUTA Jazz, alihamia Mlimani Park mwaka 1978, akapitia Orchestra Safari Sound katika miaka ya 1980, kisha akarudi katika bendi alikoanzia. Hassan Rehani Bitchuka naye alivuka zaidi ya mara moja kati ya kambi hizo mbili. Ikiwa bendi ni watu wake, basi Msondo na Sikinde zimekufa na kufufuka mara nyingi. Ikiwa bendi ni mali ya mmiliki, basi NUTA, JUWATA na OTTU ni bendi tatu. Yote mawili hayaafikiani na jinsi mashabiki wanavyozungumza. Kwao bendi ni kitu kimoja kinachoendelea, na kuendelea huko hakuna mlinzi mwingine zaidi ya kumbukumbu zao.

5.0 Mizani ya mazungumzo

Mazungumzo ya mashabiki hayafanyiki mahali pamoja wala kwa mpango. Huanza njiani kutoka ukumbini, yakaendelea sokoni, kijiweni, ndani ya basi, na sebuleni ambako mgeni hukaribishwa kwa akamwani, buni zilizopikwa na kukaushwa ambazo Wahaya hutafuna na kugawana. Hata hivyo yana mpangilio. Yakitazamwa kwa makini, hukumu inayotolewa juu ya bendi kongwe huegemea mizani tatu.

Mizani ya kwanza ni ya ufanano. Je, wimbo uliopigwa jukwaani ni uleule wa redio? Katika mizani hii tarumbeta iliyokosekana huonekana kama pengo, na mwimbaji kijana aliyeshika nafasi ya marehemu hupimwa kwa sauti ya marehemu. Gurumo alipostaafu mwaka 2013 na kufariki dunia mwezi Aprili 2014, nyimbo alizoziimba hazikustaafu naye. Ziliachwa kwa waimbaji wengine, na kwa wasikilizaji wanaokumbuka jinsi alivyozitamka.

Mizani ya pili ni ya nyongeza. Wimbo wa dansi kwa kawaida una sehemu mbili: sehemu ya polepole inayobeba ujumbe, na chemko, sehemu ya kasi inayowaachia wapiga gitaa na wachezaji uwanja. Mkanda wa redio ulibana chemko kwa sababu ya muda, ilhali ukumbini kiliweza kurefushwa kadiri hadhira ilivyotaka. Kwa hiyo shabiki anayesifu chemko cha usiku fulani anasifu kitu ambacho hakimo katika maktaba yoyote ya sauti. Ni yeye na wenzake tu walio nacho.

Mizani ya tatu, na nzito kuliko zote, ni ya mwitiko. Je, bendi ilitujibu? Ilipoombwa wimbo, iliupiga? Aliyepanda jukwaani kumtuza mwimbaji, alitambuliwa? Kutuza ni maoni yanayotolewa hadharani. Msikilizaji anayeinuka na kutoa fedha wakati wa ubeti fulani anawaambia wote kwamba ubeti huo umemgusa. Mizani hii ndiyo iliyotumika kumpima manju wa enanga. Bendi inayopiga bila kosa lakini ikawapa watu kisogo hushindwa katika mizani hii, na bendi iliyochoka, yenye vyombo vibovu, yaweza kushinda.

Mvutano kati ya mizani hizi unaonekana katika neno zilipendwa, linalotumika kwa nyimbo za zamani. Kisarufi neno hilo liko katika wakati uliopita, kana kwamba mapenzi yamekwisha. Kiutendaji ni kinyume chake: zilipendwa ndizo zinazoombwa. Bendi kongwe hutaka kuonyesha kwamba ingali inatunga, nayo hadhira hutaka ithibitishiwe kwamba kilichokuwapo kingalipo. Ubishi unaozuka baadaye juu ya nani alikuwa na haki ni mjadala wa kihistoria uliofanywa na watu wasiojiita wanahistoria.

Inaweza kupingwa kwamba kumbukumbu za namna hii haziaminiki, kwa kuwa ya kale ni dhahabu na kila mzee huona ujana wake ulikuwa bora. Pingamizi hili lina uzito iwapo lengo ni kujua nyimbo zipi zilipigwa na kwa mpangilio gani. Lakini lengo likiwa ni kuelewa maana ya onyesho kwa walioliona, basi kutofautiana kwa mashahidi ni data. Wawili wanapobishana kama bendi ilikuwa yenyewe usiku ule, wanafichua vigezo ambavyo hakuna hati inayovitaja.

6.0 Kizazi kilichopungua

Umuhimu wa kuyakusanya mazungumzo haya si wa kinadharia tu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, maradhi hayo yaliwaondoa wengi waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 na 1980, yaani kizazi kilekile kilichojaza kumbi za dansi. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Njia ya ziwa, iliyokuwa imeunganisha Kagera na nchi nzima, ikawa pia njia ya msiba.

Katika mazingira hayo kimya cha hadhira hakina budi kufasiriwa kwa uangalifu. Kukosekana kwa simulizi za mashabiki wa miaka hiyo si dalili kwamba hawakuwa na la kusema. Wengi hawakuishi hadi umri ambao watu huulizwa juu ya ujana wao.

Wimbo wa Remmy Ongala uitwao Mambo kwa Soksi unaonyesha kilicho hatarini. Wimbo huo ulihimiza matumizi ya kondomu, na Radio Tanzania haikuurusha. Ulienea kwa maonyesho, kwa kaseti na kwa midomo ya watu. Yeyote atakayeandika historia ya mapokezi ya wimbo huo kwa kutegemea kumbukumbu za redio atakuta ukurasa mtupu mahali ambapo palikuwa na mazungumzo mazito. Kwa mkoa uliokuwa umeanza kuzika mapema kuliko mingine, ukurasa huo si jambo dogo.

7.0 Wimbo unaporudi kwa wenyewe

Mwaka 2001 Saida Karoli, mwimbaji mzaliwa wa Bukoba, alitoa albamu ya Maria Salome. Wimbo wake uliofahamika kama Chambua Kama Karanga ulichezwa nchi nzima ingawa sehemu kubwa ya wasikilizaji hawakuelewa Kihaya. Huko kwingine ulipokewa kama sauti na mdundo. Bukoba na Muleba ulipokewa pia kama maneno. Hapo hadhira ya Kagera, iliyozoea kuwa pembezoni mwa muziki wa taifa, ilijikuta ndiyo yenye ufunguo wa tafsiri.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida Karoli. Vijana wengi waliujua wimbo mpya kabla ya kuujua wa asili, na mwimbaji aliyekuwa kimya kwa muda akarudi kusikika. Wimbo aliourudia nao jukwaani mwaka 2017 aliuita Orugambo, neno la Kihaya linalohusu maneno ya watu. Jina hilo lina mantiki yake. Msanii kongwe anaporudi, hukuta maneno yamemtangulia, na onyesho lake huwa ni majibu kwa maneno hayo.

Tukio hili si la bendi ya dansi, lakini linathibitisha hoja ileile kwa njia nyingine. Wimbo uliweza kubadilishiwa mwimbaji, ala na hadhira ya taifa zima. Waliokuwa na uwezo wa kusema kipi kimebaki na kipi kimepotea ni wale waliousikia mwanzo, katika lugha yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejenga hoja kwamba bendi kongwe hudumu kwa sababu kuna watu wanaokumbuka, wanaolinganisha na wanaobishana. Katika Bukoba na Muleba kazi hiyo ilirithi mkataba wa zamani kati ya fanani na hadhira, mkataba ambao msikilizaji ndani yake ni shahidi mwenye wajibu. Redio iliupa mkataba huo nyimbo mpya, umbali ukazidisha thamani ya kila onyesho, na misiba ya miaka ya 1980 na 1990 ikawapunguza mashahidi.

Hifadhi zilizopo zimeelemea upande mmoja. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wahaya, ikiwamo enanga, wakati ambapo upande mmoja wa santuri ulibeba dakika chache tu. Radio Tanzania nayo ilihifadhi mikanda mingi ya bendi. Kazi zote mbili ni hazina. Hata hivyo mkanda huhifadhi sauti ya msanii, wala hauhifadhi mazungumzo ya njiani kurudi nyumbani. Utafiti wa historia ya muziki katika Kagera unapaswa sasa kuwahoji wasikilizaji kwa utaratibu uleule unaotumika kuwahoji wanamuziki: kwa majina ya kumbi, kwa miaka, kwa nyimbo zilizoombwa na zilizokataliwa, na kwa Kihaya pale ambapo Kihaya ndiyo lugha ya kumbukumbu hiyo. Waliohudhuria maonyesho ya miaka ya 1970 wakiwa vijana sasa ni wazee. Fomyula ya ngano inamtaka msimulizi aone ili wengine wapate kuona. Waliona, na wangali wachache wanaoweza kusimulia.